Joto la Maji kwenye Akwariamu ya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Aliye Pwani na Aliye Kwenye Baridi

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Wa Dar es Salaam au Mombasa anasema samaki wake wanahema juu ya maji kila ikifika alasiri, na asubuhi anakuta wawili watatu wanaelea. Wa Nairobi, Arusha au Mbeya anasema samaki walikuwa wazima Februari, ilipofika Julai wakajaa madoa meupe na kuanza kufa mmoja mmoja. Halafu yupo wa tatu: kanunua hita kubwa, kaichomeka, kalala, kaamka na supu.

Wote watatu walianzia dukani. Mahali pa kuanzia ni kwenye kipimajoto. Humu tutakwenda kwa mpangilio: unapima, unahesabu lita, unachagua samaki, ndipo unagusa vifaa vya kupasha au kupoza. Ukiruka hatua mbili za kwanza, zote zinazofuata zinakuwa bahati nasibu. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Andaa hivi kwanza

Vya kila mtu:

- Vipimajoto viwili, vya kioo au vya dijitali vyenye waya unaozama majini. Kimoja ni cha kazi, kingine cha akiba.
- Pampu ya hewa, mpira wake na jiwe la hewa.
- Futi kamba, daftari na kalamu.
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Dawa ya kuondoa klorini.

Aliye kwenye baridi aongeze hita yenye thamosteti (kile kidude kinachoizima na kuiwasha yenyewe kulingana na joto), kifuniko cha kioo, na vipande vya lile boksi jeupe jepesi linalokuja na televisheni mpya.

Aliye kwenye joto aongeze feni ndogo, wavu wa plastiki wa kufunika juu ya tangi, chupa mbili tatu za nusu lita na nafasi kwenye friza.

Ile stika ya rangi inayobandikwa nje ya kioo achana nayo. Inasoma kioo, na kioo kinapata joto la chumba kama kinavyopata la maji. Feni ikikipuliza, stika itakwambia maji yamepoa kumbe hayajapoa.

## Hatua ya 1: Pima siku tatu kabla ya kununua chochote

Zamisha kipimajoto katikati ya kina cha maji. Soma mara tatu kwa siku: saa 12 alfajiri, saa 9 alasiri na saa 4 usiku. Kila unaposoma maji, soma na chumba. Kama tangi bado halina samaki, lijaze maji na upime hivyo hivyo. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote, kwa sababu ukikosea hafi mtu.

Kwa nini mara tatu? Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake unafuata maji: anavyopumua, anavyosaga chakula, anavyopambana na maradhi, vyote hupanda na kushuka pamoja na maji. Samaki wengi wa tropiki wataishi vizuri kwenye nyuzi 24 na vizuri vilevile kwenye 27. Kinachowachosha ni kupandishwa na kushushwa nyuzi nne au tano kila usiku na mchana. Ukipima saa sita mchana peke yake, huo mlima hutauona.

Kabla ya kukiamini kipimajoto, kikague. Changanya maji ya uvuguvugu kwenye kikombe mpaka kile cha homa kisome 37 hivi, kisha tumbukiza cha tangi na usubiri dakika mbili. Wakipishana nusu nyuzi, si neno. Wakipishana mbili, kitupe. Mtu asikudanganye ukikague kwa maji yanayochemka: Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, kwa hiyo utakilaumu kipimajoto kizima.

Umefaulu ikiwa: daftari lina mistari tisa na unaweza kusema bila kusita, "Maji yangu hushuka hadi fulani na kupanda hadi fulani." Tofauti ya nyuzi mbili kwa siku ni ya kawaida. Ikizidi tatu, una kazi ya kufanya.

## Hatua ya 2: Hesabu lita za kweli

Pima kwa sentimita: urefu, upana, na kina cha maji (kina cha maji, si kimo cha kioo). Zidisha zote tatu, gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30, lenye maji ya kina cha 32, lina lita 57 na ushee. Toa asilimia 10 ya changarawe na mawe, zinabaki lita 52 hivi. Dukani wamekuuzia kwa jina la "lita 65", na hapo ndipo makosa ya dawa, wati na barafu yanapoanzia.

Neno moja kuhusu matangi madogo. Watu hununua la lita 15 au bakuli la mviringo wakiamini ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ni kinyume chake. Maji machache hupata joto haraka na kupoa haraka, kama chai ndani ya kikombe ukilinganisha na chai ndani ya sufuria. Kama mfuko unaruhusu, anza na lita 60 kwenda juu. Bakuli liweke maua.

## Hatua ya 3: Chagua samaki wa chumba chako

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Chukua zile namba mbili za daftari, la chini na la juu, kisha tazama nani anaishi humo bila kulazimishwa:

- Goldifishi: 18 hadi 22. Ni samaki wa maji baridi. Chumba cha Nairobi au Mbeya kinamtosha bila hita. Dar utakuwa unapigana na jua maisha yako yote.
- Plati: 20 hadi 26.
- Gapi: 22 hadi 28.
- Neon tetra: 21 hadi 26. Wengi wa pwani humnunua kwa rangi zake, kisha kaskazi inammaliza.
- Moli na enjelifishi: 24 hadi 28.
- Beta: 25 hadi 28. Ana uwezo wa kuvuta hewa juu ya maji, hivyo kwenye maji ya joto yenye oksijeni kidogo ana nafuu kuliko wenzake.
- Diskasi: 28 hadi 30. Joto la pwani linampendeza, lakini ni mdeke kwa mengine yote. Si wa mwaka wa kwanza.
- Mbuna wa Ziwa Nyasa, na samaki wa miamba wa Ziwa Tanganyika: 24 hadi 27.

Hao wa mwisho wanahitaji maelezo, maana kuna dhana kwamba samaki wa kwetu ni sugu kwa joto la kwetu. Ziwa Tanganyika ni maji mengi mno. Jua la mchana mmoja halina nguvu ya kuyatikisa, na samaki wake wamezoea joto ambalo kesho linafanana na leo. Ukimleta Tropheus wa Kigoma kwenye tangi la lita 50 chini ya bati, umemhamishia mahali asipopajua kabisa, hata kama umebaki Tanzania hiyo hiyo.

Usichanganye goldifishi na samaki wa tropiki kwenye tangi moja. Joto linalowafaa wote wawili ama ni finyu mno ama halipo kabisa. Mmoja atakuwa anateseka kimya kimya.

Umefaulu ikiwa: namba zako za daftari na za samaki wako zinaingiliana, au zimepishana kwa nyuzi tatu nne tu. Zikipishana kwa nane, badilisha samaki. Ni rahisi kuliko kubadilisha hali ya hewa.

## Hatua ya 4: Weka tangi mahali panapokusaidia

Mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Mbali na ukuta wa magharibi, ambao huendelea kutoa joto hadi usiku. Si juu ya friji: injini yake hutoa joto kwa vipindi, na mtikisiko wake huwakera samaki. Si mkabala na kiyoyozi, ambacho mchana hupuliza baridi na usiku kikizimwa maji yanapanda tena. Chumba chenye dari ni bora kuliko chumba ambacho ukitazama juu unaona bati.

Kwenye nyumba za baridi, usiweke tangi moja kwa moja juu ya meza ya chuma au ubao mwembamba. Lile boksi jeupe la televisheni lifanye godoro chini ya tangi: linabana baridi ya chini na pia linasawazisha uzito. (Kama tangi lako limejengwa na fremu ya plastiki chini, uzito unabebwa na fremu, hivyo weka la pembeni na nyuma tu.)

## Hatua ya 5: Kupasha maji (Nairobi, Arusha, Mbeya, Iringa na kwingineko kwenye baridi)

Wa pwani, ruka hadi hatua ya 6. Ni nadra sana kwa Dar au Mombasa kuhitaji hita, na hita isiyohitajika ni hatari iliyochomekwa kwenye soketi.

### Chagua wati sahihi

Chukua joto unalotaka, toa joto la chini kabisa la chumba uliloandika alfajiri. Ikibaki nyuzi tano au pungufu, wati 1 kwa kila lita inatosha. Ikibaki nane hadi kumi, hesabu wati 1.5 kwa lita. Kwa tangi letu la lita 52, chumba kikiwa nyuzi 16 alfajiri ya Julai na wewe unataka 25, tofauti ni tisa: 52 mara 1.5 ni 78. Hita ya wati 75 au 100 inakufaa. Ya wati 300 haitafanya kazi "haraka na vizuri zaidi." Siku thamosteti yake ikiganda, itapika kila kitu kabla hujaamka.

Kwa tangi la lita 100 na zaidi, nunua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, kila moja pembe yake. Moja ikifa, ya pili inazuia maji yasiporomoke. Moja ikiganda ikiwa imewaka, peke yake haina nguvu ya kuchemsha tangi zima.

Soma maandishi ya volti. Tanzania tunatumia 230, Kenya 240. Ndugu yako aliyeko Marekani akikuletea hita ya volti 110 kama zawadi, mshukuru na uiweke kabatini. Ukiichomeka moja kwa moja itavuta umeme zaidi ya mara nne ya uliokusudiwa, na utasikia kioo kikipasuka.

### Ifunge

1. Iweke karibu na mahali maji ya filta (mashine ya kuchuja maji) yanapotokea, ili joto lisambae. Hita iliyokaa kwenye kona isiyo na mzunguko itapasha maji yanayoizunguka, itajizima, na upande wa pili samaki wanatetemeka.
2. Iegeshe kwa ulalo au ilaze, kama mtengenezaji anaruhusu kuzama yote. Ikisimama wima, joto linalopanda huidanganya thamosteti iliyo juu.
3. Isiguse changarawe wala kioo cha tangi.
4. Waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi. Tone la maji likitembea kwenye waya, litadondokea pale chini badala ya kuingia kwenye umeme.
5. Iache ndani ya maji bila umeme kwa nusu saa, kioo chake kizoee. Ndipo uwashe.

Ekstensheni isikae sakafuni chini ya tangi. Kama nyumba ina ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, hakikisha tangi lipo kwenye laini hiyo. Na zima umeme wa vifaa vyote kila unapoingiza mkono ndani. Kila unapoingiza, hata kama ni kutoa jani moja.

### Panda polepole

Kama samaki tayari wamo na maji yako nyuzi 19, usiseti 26 mara moja. Seti 21, kesho 23, keshokutwa 25. Hita yenye wati sawa na lita za maji, ingekuwa hakuna joto linalopotea, hupandisha nyuzi moja kwa dakika 70 hivi. Chumbani huwa ni polepole zaidi. Kwa hiyo ukiwasha saa 2 usiku na saa 3 maji hayajabadilika, hita haijaharibika. Usiongeze namba.

Ile namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha hita ichukulie kama pendekezo. Ukiseti 25 kipimajoto kikasoma 27 asubuhi, rudisha kitasa nyuma mpaka maji yenyewe yaseme 25. Tunaamini kipimajoto, kitasa hatukiamini.

Funika juu kwa kioo, ukiacha mwanya wa hewa. Bandika vipande vya boksi jeupe nyuma na ubavuni. Joto jingi hupotea juu ya maji, na tangi wazi kwenye chumba cha baridi ni kupasha sebule. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku hula uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Kifuniko kinarudisha gharama yake mapema.

Umefaulu ikiwa: kwa siku tatu mfululizo maji ya alfajiri na ya alasiri hayapishani zaidi ya nyuzi moja, na taa ya hita unaiona ikiwaka na kuzima. Ikiwa haizimi kamwe, wati hazitoshi au kifuniko hakipo.

## Hatua ya 6: Kupoza maji (Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar na popote penye joto)

Desemba hadi Machi, tangi la pwani kwenye chumba kilichofungwa hufika nyuzi 30 na kupita. Kabla ya kuhangaika na namba yenyewe, elewa kinachoua. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari, maji baridi ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9.1 kwa lita, ya 25 hubeba 8.3, na ya 30 hubeba 7.6 tu. Wakati huo huo samaki, akiwa na joto, anahitaji oksijeni nyingi zaidi. Mapato yanashuka, matumizi yanapanda. Na amonia ya kinyesi chao nayo huwa na sumu kali zaidi maji yakipata joto.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na usiruke kwenda kwenye barafu.

Kwanza, hewa. Washa pampu ya hewa usiku na mchana. Usiku hasa, maana mimea nayo huvuta oksijeni gizani. Samaki wengi wanaokutwa wamekufa asubuhi wamekufa kwa kukosa hewa baada ya mchana wa moto. Unachotafuta ni uso wa maji unaotikisika. Mapovu yenyewe ni chombo tu. (Wa bara msicheke: mwinuko wa Nairobi hupunguza oksijeni ya maji kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo pampu ya hewa inawahusu.)

Pili, ondoa vyanzo. Taa za zamani hutoa joto jingi. Weka za LED, na ziwashe jioni badala ya mchana. Vuta pazia kuanzia saa 6 mchana. Punguza chakula, lisha asubuhi mapema kabla joto halijapanda. Chakula kilichobaki kinaoza haraka kwenye maji ya moto na kula oksijeni hiyo hiyo tunayoitafuta.

Tatu, feni. Toa kifuniko cha kioo, weka wavu wa plastiki ili samaki wasiruke, kisha elekeza feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Kinachopoza ni maji yanayokauka. Lita moja ikikauka, inaondoka na joto linalotosha kushusha lita 100 kwa karibu nyuzi sita, ingawa chumba hurudisha sehemu kubwa. Dodoma, ambako hewa ni kavu, feni inafanya maajabu. Pwani hewa imeshajaa unyevu, kwa hiyo tegemea nyuzi moja au mbili, tatu ukibahatika. Fungua na dirisha la upande wa pili, hewa yenye unyevu itoke.

Feni ifungwe imara. Ikidondoka majini na umeme wake, hadithi imeisha.

Maji yatapungua kila siku. Jazia maji yaliyoondolewa klorini, kidogo kidogo. Kumbuka yanayokauka ni maji matupu, chumvi na uchafu vinabaki, kwa hiyo kujazia si kubadilisha maji.

Nne, chupa ya barafu, kwa dharura tu. Hapa ndipo watu wa pwani wanapowaua samaki kwa huruma. Chupa ya nusu lita iliyoganda hushusha tangi la lita 60 kwa nyuzi moja. Chupa ya lita moja na nusu kwenye tangi hilo hushusha karibu tatu. Kwenye tangi la lita 20, chupa hiyo hiyo inaweza kushusha nane, na samaki wataanguka kwa mshituko hata kama walikuwa wanahema kwa joto dakika kumi nyuma.

Tumia ya nusu lita. Ioshe, bandua lebo na gundi yake, usiijaze hadi mdomoni maana maji yakiganda hupanuka. Ielee tangini ikiwa imefungwa, huku unatazama kipimajoto. Kushuka kusizidi nyuzi moja kwa saa, na jumla isizidi mbili au tatu kwa siku. Vipande vya barafu usivimwage ndani kamwe: huwezi kuvitoa ukiona joto linashuka mno, na klorini ya bomba inaingia navyo.

Nionavyo mimi, chupa ni ya siku ambayo umeme umekatika na feni haifanyi kazi. Anayeitumia kila siku anatengeneza mlima ule ule tuliousema kwenye hatua ya 1: mchana baridi, usiku joto. Heri tangi lenye nyuzi 29 thabiti, hewa tele na gapi waliochangamka, kuliko linalorukaruka kati ya 25 na 30.

Umefaulu ikiwa: saa 9 alasiri samaki wanaogelea katikati na chini ya tangi, matamvua yanakwenda taratibu, na namba ya alasiri haizidi ya alfajiri kwa zaidi ya nyuzi mbili.

## Hatua ya 7: Badilisha maji bila kuwashtua

Unaweza kufanya yote hayo halafu ukaharibu kila kitu Jumamosi kwa ndoo mbili.

Hesabu ni nyepesi. Ukibadilisha robo ya maji kwa maji yaliyopishana nyuzi nane na ya tangi, tangi zima linahama nyuzi mbili, tena kwa dakika chache. Nairobi asubuhi, maji ya bomba hushuka namna hiyo bila shida. Dar ni kinyume: maji ya simtanki lililopigwa na jua mchana kutwa ni moto. Kwa hiyo wa pwani abadilishe asubuhi mapema, na wa bara achote jana yake na kuyaacha ndani ya nyumba usiku kucha.

1. Zima hita dakika 15 kabla. Kioo chake cha moto kikibaki nje ya maji kisha kikaguswa na maji baridi, kinapasuka.
2. Toa robo ya maji, si zaidi.
3. Weka dawa ya kuondoa klorini kwenye ndoo, koroga.
4. Pima ndoo. Ikiwa ni baridi, ongeza maji yaliyochemka ndani ya ndoo, kamwe si ndani ya tangi. Ndoo ya lita 10 yenye nyuzi 17 huhitaji lita moja na kidogo ya maji ya birika ili ifike 25. Koroga, pima tena.
5. Ndoo na tangi zikipishana nyuzi moja au pungufu, mimina taratibu kwenye kiganja au sahani.
6. Hakikisha hita imezama yote, ndipo uwashe.

Samaki mpya naye ni hivyo hivyo. Mfuko wake uelee tangini dakika 20 taa ikiwa imezimwa, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne au tano. Mhamishe kwa wavu. Maji ya duka yamwage.

## Hatua ya 8: Jiandae umeme ukikatika

Utakatika. Nunua pampu ya hewa ya betri au inayochajiwa, uiweke karibu na tangi, chaji ikiwa imejaa. Oksijeni huisha kabla joto halijawa tatizo.

Kwenye baridi: funika tangi lote kwa blanketi, ukiacha mwanya juu. Tangi kubwa lililofunikwa hupoa polepole na samaki watavuka usiku. Joto likikaribia kushuka chini ya 20, jaza chupa maji ya moto, ifunge, ielee, na ufuate sheria ile ile ya nyuzi moja kwa saa. Usilishe mpaka umeme urudi. Inveta ndogo au pawabenki vitaendesha pampu ya hewa, ila hita vitaishindwa mapema.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, tazama filta kwanza. Ile iliyofungwa kwenye mkebe, ikikaa saa nyingi bila mzunguko, maji yake ya ndani huharibika. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

## Ukiona haya, fanya haya

Wote wamejipanga juu wanahema: oksijeni. Ongeza hewa sasa hivi, kisha pima joto, kisha badilisha robo ya maji.

Wamelala chini, mapezi yamebanwa, hawali: baridi, au joto limeshuka ghafla. Pima, linganisha na alfajiri ya jana. Pandisha nyuzi moja moja.

Wanajibana kwenye kona moja kila wakati: pima joto la kila kona. Mara nyingi maji hayazunguki, na wameenda kwenye joto lao au kuikimbia hita.

Wanakimbia ovyo na kujigonga kwenye kioo mara tu baada ya kubadilisha maji: maji mapya yalipishana mno, au dawa ya kuondoa klorini ilisahaulika. Weka dawa ya lita zote za tangi, ongeza hewa, usibadilishe tena maji siku hiyo.

Madoa meupe kama chembe za chumvi, na wanajikuna kwenye mawe: ni ugonjwa wa kimelea unaopenda samaki waliopigwa na baridi. Rekebisha joto kwanza, maana dawa kwenye maji yanayoyumba haitamaliza kazi. Dawa humpata kimelea akiwa anaogelea huru tu, si akiwa amejichimbia kwenye ngozi, hivyo usiikatize madoa yanapotoweka. Endelea hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Kwenye maji ya nyuzi 27 hivi mzunguko wake huenda haraka na tiba huwa fupi, ila ukipandisha joto, pampu ya hewa iwake muda wote. Kwa goldifishi usipandishe hadi huko: baki na joto lake na urefushe tiba.